Tuitazame Mechi Nzima

Hotuba kwa mashabiki wa soka, Malaba, jioni ya tarehe 25 Mei

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa pande zote mbili za mpaka, habari za jioni. Nawasalimu madereva mlioacha malori kwenye foleni mkaja kukaa nasi. Nawasalimu vijana wa boda mliozima pikipiki mapema, maafande mliokuja leo bila sare, na wenzetu mliovuka kutoka upande wa Kenya mkiwa na jezi nyekundu. Na nyinyi wa Manchester, wa Arsenal na wa Chelsea ambao nimewaona mmejibanza kule mlangoni, ingieni ndani, viti vipo.

Bwana mwenyekiti ameniomba niseme kidogo kabla hatujawasha televisheni. Tarehe kama ya leo mwaka 2005, katika Uwanja wa Olimpiki wa Atatürk mjini Istanbul, Liverpool ilikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 0 mbele ya AC Milan katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ikasawazisha, ikalibeba kombe kwa penalti. Hayo kila aliye humu anayajua. Mtoto wa shule ya msingi hapa Malaba atakutajia wafungaji kwa mpangilio. Basi sikuja kuwaambia nani alishinda. Nimekuja na ombi moja tu: leo tuitazame mechi nzima, tangu filimbi ya kwanza mpaka penalti ya mwisho, bila kuruka hata dakika moja.

Naomba hivyo kwa sababu naona mechi hii inazidi kufupishwa. Vijana mnaitazama kwenye simu. Anatokea nahodha Gerrard anapiga kichwa, anatokea Smicer anapiga shuti, anatokea Alonso na ule mpira uliorudi, kipa Dudek anaruka, kombe linainuliwa, basi. Hata chai haijapoa. Halafu mnaniambia, "Mzee, dakika 6 tu, mabao 3, muujiza!" Ni kweli mabao yale yalifungwa kati ya dakika ya 54 na ya 60. Lakini fanyeni hesabu. Kabla ya dakika hizo 6 kulikuwa na dakika 54 za mateso. Baada yake, ukijumlisha muda wa nyongeza, kulikuwa na dakika 60 nyingine ambazo Liverpool haikupata bao hata moja, ikawa inajiokoa tu. Ukizikata hizo pande mbili, zile 6 za katikati hazina maana yoyote. Mtu ambaye hakuumia hawezi kujua kilichoponywa pale.

Kwa wale ambao hawakuwa wamezaliwa, ngoja niwaeleze usiku wenyewe ulikuwaje hapa kwetu. Mwezi Mei mwaka ule saa ya Istanbul ilikuwa sawasawa na yetu. Mpira ulianza saa 3:45 usiku kule, na hapa Malaba ilikuwa saa 3:45 usiku. Tulikuwa tunakesha pamoja nao. Tena mwaka 2005 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, mitambo ya Jinja haikuweza kutoa umeme wa kutosha, na nchi nzima iliishi kwa mgao. Kwa hiyo aliyetaka kuona mpira alikwenda kwenye kibanda chenye jenereta. Kibanda tulichokaa sisi kilikuwa cha mabati, benchi za mbao, televisheni moja imewekwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, na jenereta nje inanguruma kiasi kwamba sauti ya mtangazaji hatukuisikia vizuri. Tuliitazama fainali kwa macho. Labda ndiyo maana imebaki machoni.

Mnatakiwa pia mjue ni timu gani iliyokwenda Istanbul. Liverpool ile haikuwa ya kutisha. Katika ligi ya nyumbani ilimaliza ya 5, nyuma ya Everton, jirani yake wa mji mmoja. Kocha Rafael Benítez alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Mwezi Desemba mwaka 2004 nusura itolewe kwenye makundi: ilihitaji kuifunga Olympiacos ya Ugiriki 1 kwa 0 au kwa tofauti ya mabao 2, na mpaka mapumziko ilikuwa nyuma kwa bao la faulo la Rivaldo. Ikapata 3, la mwisho likiwa shuti la Gerrard zikiwa zimebaki dakika chache. Baadaye ikaitoa Juventus, kisha ikaitoa Chelsea kwa bao moja la Luis García, ambalo ndugu zetu wa Chelsea hawajakubali hadi leo kwamba lilivuka mstari. Msijali, leo hatutalijadili.

Na upande wa pili? Dida langoni. Cafu, Stam, Nesta na Maldini nyuma. Pirlo, Gattuso, Seedorf na Kaká katikati. Mbele Crespo na Shevchenko, ambaye mwaka uliotangulia ndiye alikuwa mchezaji bora wa Ulaya. Miaka 2 kabla ya hapo Milan hiyo ilikuwa imelichukua kombe hilohilo kule Manchester, na penalti ya ushindi alipiga Shevchenko mwenyewe. Likumbukeni jina hilo.

Kipindi cha kwanza kinauma, nami nataka kiwaume. Mpira haujatimiza hata dakika moja, Pirlo anapiga faulo kutoka kulia, Maldini anaupokea hewani kwa mguu wa kulia, bao. Nahodha wa miaka 36, beki, anafunga kabla mashabiki wengine hawajakaa. Kewell anaumia mapema, anatoka, anaingia Smicer. Kisha tazameni kwa makini dakika ya 39, kwa sababu pale ndipo roho zilipovunjika. Liverpool inashambulia, mpira unamgonga Nesta mkononi ndani ya boksi, García na wenzake wanadai penalti, refa anapeta. Huku wanadai, Milan wameshaondoka. Kaká kwa Shevchenko, Shevchenko anakata pasi, Crespo anasukuma wavuni. Ungetegemea wewe upate penalti, unafungwa bao.

La tatu ni zuri, na ni lazima tuseme ukweli hata kama linachoma. Kaká anageuka na mpira katikati ya uwanja, anamwacha Gerrard nyuma, anatuma pasi ndefu inayopita kati ya mabeki kwa kipimo ambacho mimi sijakiona tena, na Crespo anaunyanyua juu ya Dudek kwa mguso mmoja. Dakika ya 44. Nimelitazama bao hilo kwa miaka mingi na kila mara nasema lilikuwa haki yao. Mkilikosa hilo, mkaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha Gerrard, hamjui Liverpool ilikuwa imepigwa na nani.

Sasa mapumziko. Hapa naomba mnisikilize, maana mapumziko hayaonyeshwi kwenye simu ya mtu yeyote.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Benítez aliamua kumtoa Djimi Traoré, beki wa kushoto, na kumwingiza Dietmar Hamann, Mjerumani. Traoré akaambiwa kazi yake imekwisha. Akaanza kuvua viatu aende kuoga. Kabla hajafika bafuni, mtaalamu wa viungo akamweleza kocha kwamba Steve Finnan ameumia na hawezi kuendelea. Basi Finnan akatoka yeye, kwa masikitiko, na Traoré akaambiwa avae viatu tena. Benítez akabadilisha mpangilio: mabeki 3 nyuma, Carragher, Hyypiä na huyo Traoré. Hamann akae karibu na Alonso wamzibe Kaká, ili Gerrard apate ruhusa ya kupanda. Riise kushoto, Smicer kulia. Wakati hayo yakipangwa, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walioko uwanjani, walio nyuma 3 kwa 0, waliosafiri na kutumia akiba yao, wakaanza kuimba wimbo wa klabu. Wachezaji wameeleza kwamba waliwasikia wakiwa ndani.

Huko ni Istanbul. Hapa Malaba nako mapumziko yalikuwa na mambo yake. Mwenye kibanda alisimama akasema petroli iliyobaki kwenye jenereta haitoshi kipindi cha pili, na kwa kuwa mechi imekwisha, haoni sababu ya kununua nyingine. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Wa Manchester walitoka wakicheka hadi barabarani. Wengi wetu wa Liverpool pia tuliwaona wakinyanyuka, kichwa chini, hawasemi na mtu. Kibanda kilichojaa kikabaki na watu wa kuhesabika. Ndipo dereva mmoja wa lori, Mswahili wa Mombasa aliyekuwa anasubiri karatasi zake zipite asubuhi, akavua kofia akaiweka kwenye benchi, akatia noti ndani yake. Hakuhutubia. Alisema tu, "Mimi nimelipa kuona mechi, na mechi ni dakika 90." Mwingine akatia shilingi 500. Mwingine 500. Kijana akatumwa na jerikeni. Jenereta ikanyweshwa, na mpira ulipowekwa kati tulikuwa tumekaa.

Nataka mtambue kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeamini tutashinda. Tusijipambe kwa sababu leo tunajua mwisho wake. Tulichangia petroli ya kutazama timu yetu ikifungwa. Tulikaa kwa sababu ilikuwa yetu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, vijana wangu, kwa sababu naona leo jinsi kutazama mpira kunavyogeuka. Kijana anaingia kibandani na tikiti ya kubeti mfukoni, mechi 10 au 12, na timu moja ikikosea, mkeka umechanika, basi anasimama anaondoka dakika ya 30. Hajali tena nani anacheza. Wengine wameniambia hawana timu kabisa, wana tikiti tu. Sitaki kumhukumu mtu kwa namna anavyotafuta riziki, najua hali ya mji huu na uhaba wa kazi. Ila naona kinachopotea. Aliyeweka pesa kwenye matokeo anaweza kushinda au kupoteza pesa, lakini usiku kama ule wa Istanbul hautamfikia, maana dakika ya 44 angekuwa ameshakwenda nyumbani kulala.

Wala msiseme mambo hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 2025, mwezi Agosti, mashindano ya CHAN yalipochezwa hapa Afrika Mashariki, Cranes wetu, timu ya taifa ya Uganda, walianza kwa kufungwa 3 kwa 0 na Algeria pale Namboole, mbele ya watu wetu. Wangapi walisema timu hii haifai? Tarehe 18 Agosti, uwanja huohuo, Afrika Kusini wakawa mbele 3 kwa 1 na muda unayoyoma. Ikaja penalti, Allan Okello akafunga. Ikaja nyingine katika dakika za nyongeza, Rogers Torach akafunga. 3 kwa 3, Uganda ikasonga mbele, Afrika Kusini ikafunga mizigo. Baadhi ya vijana wa hapa waliosafiri kwenda Namboole siku ile waliniambia walikuwa wameshatoka nje ya geti wanatafuta taksi za kuwahi kurudi, wakaisikia kelele kwa nyuma, na walipotaka kurudi ndani ilikuwa haiwezekani. Baadaye Senegal walitutoa robo fainali, bao 1 kwa 0. Lakini hao vijana wangu hawaisemi Senegal. Wanaisema ile kelele waliyoisikia wakiwa nje.

Haya, turudi Istanbul. Zile dakika 6 sitazieleza kwa urefu kwa sababu mnazijua kuliko mimi. Krosi ya Riise, ya kwanza inazuiwa, ya pili inafika, Gerrard anapaa na kuuzungusha kwa kichwa. Tazameni tu anavyokimbia kurudi akiinua mikono juu, akiwaambia mashabiki wasimame. Dakika 2 baadaye Smicer kutoka mbali, chini, pembeni mwa Dida. Kisha Gattuso anamwangusha Gerrard ndani ya boksi, Alonso anapiga penalti, Dida anaicheza, Alonso anauwahi mpira kwa mguu wa kushoto na kuupachika wavuni kwa juu. 3 kwa 3. Kibandani kwetu benchi moja ilivunjika. Watu waliokuwa wameondoka walisikia kelele zetu wakaanza kurudi mbio, wengine na khanga za wake zao mabegani, na mwenye kibanda akataka kuwatoza upya. Tukamwambia awaache waingie. Kulikuwa na furaha ya kutosha kila mtu.

Na hapa ndipo kila video inapokatwa, ikarukia penalti. Hapa ndipo mimi nataka muanze kutazama.

Baada ya 3 kwa 3 wengi wanadhani Liverpool iliwakimbiza Milan. La hasha. Milan walisimama tena. Ile timu haikuwa ya mchezo. Kuna uvumi wa siku nyingi kwamba walishangilia kombe chumbani wakati wa mapumziko, kwamba walidharau. Wachezaji wenyewe wamekana, nami nawaamini, kwa sababu ukitazama mchezo wao baada ya dakika ya 60 huoni watu waliolewa kiburi. Unaona watu wanaotafuta bao la nne kwa akili na nguvu. Dakika ya 70 hivi Shevchenko anapiga, Dudek ameshapitwa, mpira unaelekea wavuni, na aliye kwenye mstari wa goli akauondoa ni nani? Traoré. Yule aliyekuwa ameshavua viatu. Nikifika hapo huwa nasimamisha picha nimtazame, maana historia inamtaja Gerrard, inamtaja Dudek, na Traoré inamtaja kwa faulo iliyozaa bao la kwanza. Bila mguu wake ule, hakuna muda wa nyongeza wala penalti.

Kisha mtazameni Gerrard. Alianza mechi kiungo wa kati, kipindi cha pili akacheza nyuma ya mshambuliaji, na Milan walipomwingiza Serginho, winga mwenye mbio, upande wa kushoto, nahodha wetu akarudi kucheza beki wa kulia. Mfungaji wa bao la kwanza, aliyekwisha kuwa shujaa, anakimbizana na winga mbichi aliyetoka benchi, usiku wa manane, miguu imeisha. Hakuna bao humo, hakuna wa kumpigia makofi. Anakaba tu.

Na Carragher. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote katika mechi ile. Katika muda wa nyongeza misuli ilimkaza mara kwa mara. Mtamwona anajinyoosha kuzuia krosi, anaanguka, anashika paja, uso umekunjamana. Wanamnyoosha mguu, anainuka, krosi nyingine inakuja, anajitupa tena. Mjifunze kuona uzuri katika hilo. Tumezoea kusema uzuri wa mpira ni chenga na pasi za kisigino. Beki aliyebanwa na misuli na bado anautupa mguu uleule mbele ya mpira, huo nao ni uzuri, na usiku ule ulikuwa na thamani sawa na mabao yote 3.

Tunafika dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Serginho anapiga krosi kutoka kushoto. Shevchenko anapiga kichwa, Dudek anautema. Mpira unamrudia Shevchenko, yuko hatua chache tu na mstari, goli lote liko mbele yake. Anapiga kwa nguvu. Dudek, ambaye hajainuka vizuri, anarusha mikono juu, mpira unagonga mikono unapaa juu ya mtambaa panya. Tazameni uso wa Shevchenko. Msitazame Dudek kwanza, mtazameni Shevchenko. Ninaamini ndani ya moyo wangu kwamba penalti ya mwisho alianza kuikosa pale, kabla hata refa hajapuliza filimbi ya kwenda kwenye penalti.

Kibandani wakati huo hakuna aliyekuwa amekaa. Ilikuwa imepita saa 6 ya usiku. Yule dereva wa Mombasa alikuwa amesimama nyuma kabisa, mgongo umegusa mabati, mikono kifuani.

Kabla ya penalti, Carragher alimfuata Dudek akamshika, akampigia kelele usoni. Alimkumbusha Bruce Grobbelaar, kipa wa Liverpool wa zamani, mtu wa Zimbabwe, ambaye katika fainali ya mwaka 1984 dhidi ya Roma, kule kwao Roma, aliwachezea wapigaji kwa kulegeza miguu kama imekatika nguvu, na Liverpool ikashinda. Kwa hiyo mnapoona Dudek anarukaruka kwenye mstari, anapunga mikono, anayumba, jueni kwamba anafuata nyayo za Mwafrika. Jambo hilo halisemwi vya kutosha, nami nalisema hapa.

Serginho akapaisha. Hamann akafunga. Pirlo akapiga, Dudek akacheza. Mashabiki wa Milan wanasema Dudek alikuwa ametoka sana kwenye mstari, na mkitazama leo mtakubali kwamba wana haki. Siku hizi ingerudiwa. Cissé akafunga, na huyu mkumbuke alikuwa amevunjika mguu vibaya mwezi Oktoba wa msimu uleule. Tomasson akafunga kwa Milan. Riise, Dida akamchezea. Kaká akafunga. Kisha Smicer, ambaye alijua kwamba ile ndiyo mechi yake ya mwisho na jezi ya Liverpool, akafunga, akaishika beji kifuani. Akabaki Shevchenko. Akapiga katikati, Dudek alikuwa ameshaanza kuanguka upande, akauacha mkono nyuma, mkono ukaukuta mpira.

Penalti 3 kwa 2. Kombe la 5 la Ulaya kwa Liverpool. Kwa sheria za wakati ule, lile kombe lenyewe, chuma chenyewe, likabaki Liverpool moja kwa moja.

Ndugu zangu wa Manchester, mnacheka, lakini nawaona machoni. Kesho ni tarehe 26 Mei, siku yenu. Mwaka 1999 pale Barcelona mlikuwa nyuma bao 1 la Bayern tangu dakika ya 6, mkafunga mawili katika dakika za majeruhi, Sheringham na Solskjær. Nami usiku ule nilikuwa nimeshaondoka mbele ya televisheni kwa kuchukia, sikutaka kuwaona mkishinda. Haya nayasema mbele yenu bila kujificha: mlistahili. Naomba mwenyekiti atupangie, tuitazame na hiyo, nzima, tukae wote humu. Utani uwepo, kelele ziwepo. Lakini tumesikia katika nchi yetu vijana waliodungwa visu kwa sababu ya mechi iliyochezwa London. Malaba hapana. Mpaka huu unapitisha watu wa kila lugha kila siku na tunaelewana. Hatutashindwa kuelewana kwa sababu ya jezi. Hata Milan ninawasalimu. Mwaka 2007 walikutana na Liverpool tena katika fainali, Athens, wakashinda 2 kwa 1, mabao yote mawili ya Inzaghi. Walirudi kuchukua chao, na Maldini akalinyanyua.

Sasa utaratibu. Video tuliyo nayo ni kamili, mpaka na mapumziko yake. Jenereta ipo nje, imejazwa, petroli ya akiba ipo kwenye jerikeni karibu na mlango, asivute mtu sigara pale. Watoto wakae mbele chini, wazee wapewe viti vyenye migongo. Mama anayeuza chapati na chai atapita wakati wa mapumziko, na bei ni ileile ya mchana. Simu naomba ziwekwe mifukoni. Anayejua kitakachotokea, na nyote mnajua, asimtangulizie jirani yake. Na ikifika dakika ya 44, Crespo akiunyanyua ule mpira, asitoke mtu.

Bwana mwenyekiti, washa.